Jina, Namba na Mkanda: Historia ya Amri za Kurejesha Mafaili katika Mfumo wa Unix, 1971–2017

Ikisiri

Makala hii inachunguza historia ya amri zilizotumika kurejesha mafaili kutoka katika nakala rudufu kwenye mfumo endeshi wa Unix na mifumo iliyotokana nao. Hoja kuu ni kwamba mabadiliko ya amri hizo hayawezi kuelezwa kwa ukuaji wa vifaa vya kuhifadhia peke yake. Yanahusu pia swali la kijamii: ni nani mwenye uwezo wa kulidai faili lililopotea, na kwa jina gani? Kwa kufuatilia amri za tap, restor, restore na yesterday, makala inaonesha jinsi uwezo huo ulivyohama kutoka kwa mhudumu wa mashine kwenda kwa mtumiaji wa kawaida, na jinsi uhamaji huo ulivyoliacha bila mwenyewe jukumu la kuijaribu nakala kabla ya siku ya msiba.

1.0 Utangulizi

Wahenga walisema kwamba akiba haiozi. Methali hiyo huwahimiza watu kuweka kitu kando kwa ajili ya siku ya dhiki. Katika uwanja wa kompyuta, hata hivyo, methali hiyo inahitaji kutazamwa upya. Mkanda wa sumaku huchakaa. Programu ya kuusoma hubadilika au hutoweka. Mtu aliyeujua utaratibu wa kuusoma hustaafu. Akiba ya kompyuta huoza, na kuoza kwake mara nyingi hakuonekani mpaka siku inapohitajika.

Historia ya uhifadhi wa data kwa kawaida husimuliwa kupitia vifaa: mikanda ya sumaku, diski, kisha seva zilizo mbali. Usimulizi wa namna hiyo hueleza vizuri ni kiasi gani kiliweza kuwekwa, lakini husema machache kuhusu tendo la pili, yaani kurejesha. Nakala rudufu ni ahadi. Urejeshaji ndio utimizaji wa ahadi hiyo. Kwa sababu hiyo, makala hii inaanzia upande wa pili na kuuliza maswali matatu. Mtu aliyepoteza faili alilazimika kuandika amri gani ili alipate tena? Alihitaji kujua nini kabla ya kuiandika? Na ni nani aliyeruhusiwa kuiandika?

Mfumo wa Unix unafaa kwa uchunguzi huu kwa sababu mbili. Kwanza, tangu mwanzo wake uliendeshwa kwa mstari wa amri, yaani kwa maneno ambayo mtumiaji huyachapa na mashine ikayatekeleza. Pili, miongozo yake imehifadhiwa toleo kwa toleo tangu ule wa kwanza wa Novemba 1971. Ndani ya miongozo hiyo mna maelezo ya kila amri, mapungufu yake, na wakati mwingine maonyo ya waandishi wenyewe. Ni ushahidi unaomwezesha mwanahistoria kuona kazi za kila siku ambazo hazikuandikiwa kumbukumbu nyingine.

2.0 Mkanda mkononi mwa mwenye faili

Unix ilianza mwaka 1969 katika maabara ya Bell Labs huko Murray Hill, New Jersey, kwa kazi ya Ken Thompson, Dennis Ritchie na wenzao wachache. Toleo la Kwanza liliendeshwa kwenye mashine ya PDP-11. Miongoni mwa amri zake kulikuwa na tap, iliyohifadhi na kurejesha sehemu teule za mafaili kwenye mkanda mdogo uitwao DECtape. Mkanda huo ulizungushwa kwenye kigurudumu kilichoenea kiganjani, na ulikuwa na vipande 578 vya baiti 512 kila kimoja, yaani chini kidogo ya baiti 300,000.

Matumizi ya tap yalikuwa mepesi. Herufi moja iliorodhesha majina yaliyomo kwenye mkanda, nyingine ikatoa faili lililotajwa na kulirudisha kwenye diski. Faili lilihifadhiwa kwa jina lake na likarudishwa kwa jina lile lile. Jambo la kuzingatia hapa ni uhusiano wa watu na vifaa. Watumiaji walikuwa wachache, walifahamiana, na mashine ilikuwa karibu nao. Mtu aliweza kuuchukua mkanda rafuni, kuupachika kwa mikono yake, kuchapa amri na kuondoka na faili lake. Mwenye faili, mwenye mkanda na mwenye kuandika amri walikuwa mtu mmoja.

Hali hiyo isingeweza kudumu. Kadiri Unix ilivyosambaa katika vyuo vikuu na maabara nyingine katika miaka ya 1970, diski zilikua kubwa kuliko mkanda mmoja na watumiaji wa mashine moja wakawa wengi. Kuhifadhi faili moja moja kwa hiari ya kila mtu hakukutosha tena; taasisi ilihitaji njia ya kuhifadhi diski nzima. Njia hiyo ilipopatikana ilibadilisha pia namna ya kurejesha.

3.0 Faili lililorudi bila jina

Toleo la Saba la Unix, lililotolewa Januari 1979, lilikuwa na amri mbili zilizofanya kazi kwa jozi: dump ya kuhifadhi na restor ya kurejesha. Amri ya dump ilipanga nakala kwa ngazi kuanzia 0 hadi 9. Ngazi ya 0 ilichukua kila kitu. Ngazi yoyote iliyo juu yake ilichukua mafaili yaliyobadilika tu tangu nakala ya mwisho ya ngazi ya chini zaidi. Kwa mfano, msimamizi angeweza kuandika nakala ya ngazi ya 0 mwanzoni mwa mwezi, kisha ya ngazi ya 5 kila wiki, na ya ngazi ya 9 kila usiku. Diski ilipoharibika alianza kuurejesha mkanda wa ngazi ya 0, akafuata wa 5 wa karibuni, kisha wa 9.

Ili kuelewa kilichotokea wakati wa kurejesha, ni lazima kueleza jinsi Unix inavyoyatunza mafaili. Jina la faili halimo ndani ya faili lenyewe. Liko katika saraka, na saraka huunganisha jina hilo na namba. Namba hiyo ndiyo huelekeza kwenye kumbukumbu fupi, iitwayo inodi, yenye taarifa za mmiliki, ruhusa, tarehe na mahali vipande vya faili vilipo kwenye diski. Amri ya dump iliisoma diski moja kwa moja kupitia inodi hizo, chini ya ngazi ya majina. Faida yake ilikuwa kasi na ukamilifu. Gharama yake ililipwa siku ya kurejesha.

Mtu aliyetaka faili moja tu kutoka katika mikanda ya dump alimpa restor jina la faili hilo. Programu iliutafuta mkanda wa kwanza, ikatangaza kama faili lipo, ikataja namba yake, kisha ikauliza ni mkanda wa ngapi upachikwe. Nakala ilipokuwa imeenea katika mikanda kadhaa, mwongozo ulishauri kuipachika kuanzia wa mwisho kurudi wa kwanza, ili programu isisome mikanda isiyo na faili linalotafutwa. Mwishowe faili lilitokea kwenye diski likiwa na namba badala ya jina. Aliyeitekeleza amri ndiye aliyepaswa kukumbuka kwamba namba fulani ilikuwa tasnifu ya fulani, kisha kulipa faili jina lake na kulirudisha mahali pake.

Urejeshaji wa diski nzima ulikuwa na hatari kubwa zaidi, kwa kuwa restor iliandika juu ya yote yaliyokuwamo. Programu ilitoa onyo la mwisho kabla ya kuanza kuandika na kusubiri jibu la aliyeketi mbele yake. Aidha, katika sehemu ya mapungufu, mwongozo ulikiri kwamba mkanda ulikuwa na taarifa za ziada ambazo zingeweza kusaidia mkanda uliposomeka kwa shida, lakini restor haikuzitumia. Ukiri huo una uzito wa kihistoria. Unaonesha kwamba upande wa kuandika ulifikiriwa kwa ajili ya maafa, ilhali upande wa kusoma haukukamilishwa kwa kiwango hicho hicho.

Toleo hilo hilo la Saba lilileta pia tar, ambayo jina lake ni kifupisho cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya ghala la mkanda. Tar ilihifadhi kila faili pamoja na jina lake, na ilirejesha kwa jina. Kwa hiyo kulikuwa na mikondo miwili sambamba: tar kwa mtumiaji aliyetaka kubeba kazi yake mwenyewe, na dump kwa taasisi iliyotaka kulinda mashine. Mtumiaji ambaye hakuwa na mkanda wake alitegemea mkondo wa pili, na mkondo huo ulikuwa mikononi mwa mhudumu. Yule aliyefuta faili kwa bahati mbaya alipaswa kwenda kwake, ataje jina kamili na tarehe, kisha asubiri. Kusahau jina kulikuwa karibu sawa na kulipoteza faili mara ya pili.

4.0 Majina yarejeshwa kwa mhudumu

Badiliko kubwa lilitoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilichokuwa kikitoa toleo lake cha Unix. Toleo la 4.2BSD la mwaka 1983 lilikuja na mpangilio mpya wa mafaili kwenye diski uliobuniwa na Kirk McKusick na wenzake. Pamoja nao ilikuja programu mpya ya kurejesha, ambayo jina lake liliongezwa herufi iliyokuwa imekosekana: restore.

Tofauti yake kubwa ilikuwa namna ya mazungumzo. Msimamizi aliyechagua herufi i aliingia ndani ya nakala kana kwamba ni diski hai. Alichapa ls kuona yaliyomo katika saraka, cd kuhamia saraka nyingine, add kuongeza faili katika orodha ya yatakayorejeshwa, delete kuliondoa katika orodha, na extract kuanza kuyatoa. Kabla ya kusoma mkanda wote, restore ilikuwa imekwisha kujenga upya mti wa majina kutokana na saraka zilizoandikwa mwanzoni mwa nakala. Faili lilirudi kwa jina lake, katika saraka yake.

Vilevile, tatizo la ngazi lilishughulikiwa. Faili lililofutwa au kubadilishwa jina kati ya nakala ya ngazi ya 0 na ile ya ngazi ya 5 lilihitaji kutambuliwa, la sivyo diski iliyorejeshwa ingekuwa na mafaili ambayo mwenyewe alikwisha kuyafuta. Ili kuepuka hali hiyo, restore iliacha kwenye diski faili la kumbukumbu liitwalo restoresymtable, lililobeba uhusiano wa majina na namba kutoka mkanda mmoja hadi mwingine.

Hata hivyo, aliyeketi mbele ya mashine aliendelea kuwa mhudumu. Mwongozo wa dump wa Berkeley unathibitisha jambo hilo: kulikuwa na chaguo la kuwatumia ujumbe watumiaji wote wa kundi la wahudumu pale programu ilipohitaji mtu wa kubadilisha mkanda. Sababu za kumweka mtu huyo hapo hazikuwa za kiufundi tu. Mkanda mmoja ulibeba mafaili ya watu wote, na aliyeweza kuusoma angeweza kusoma ya kila mmoja. Kumkabidhi kila mtumiaji mkanda kungekuwa kuzivunja ruhusa zote ambazo mfumo ulizilinda kwenye diski. Kwa hiyo restore ilimrahisishia mhudumu kazi, lakini haikubadilisha ukweli kwamba mtumiaji alihitaji kuomba.

5.0 Amri iitwayo jana

Kizuizi hicho kiliondolewa katika maabara ile ile ya Bell Labs, kwenye mfumo wa Plan 9 ulioanza kujengwa na Rob Pike, Ken Thompson na wenzao mwishoni mwa miaka ya 1980. Seva yake ya mafaili ilitumia diski za mwanga zinazoandikwa mara moja tu na zisizofutika. Kila siku saa kumi na moja alfajiri, seva iliigandisha hali ya mafaili yote na kuiandika kwenye diski hizo. Kila siku iliyogandishwa ilionekana kama saraka ya kawaida yenye mwaka, mwezi na siku, na mtumiaji yeyote aliweza kuingia humo.

Katika mazingira hayo, amri ya kurejesha iliitwa yesterday, neno la Kiingereza lenye maana ya jana. Mtumiaji aliyeharibu faili lake alichapa neno hilo pamoja na jina la faili, na mfumo ukamwonesha mahali ilipo nakala ya karibuni. Chaguo moja lilinakili faili la jana juu ya lile la leo. Jingine lilionesha tofauti kati ya mafaili hayo mawili. Kwa kuwa ruhusa za kila faili zilihifadhiwa pamoja nalo, aliyezuiwa kusoma faili siku lilipoandikwa aliendelea kuzuiwa kulisoma katika nakala. Hoja ya usiri, iliyokuwa imemweka mhudumu katikati, ilipatiwa jibu bila kumhitaji.

Wazo linalokaribiana nalo liliingia sokoni kupitia kampuni ya Network Appliance, iliyoanzishwa mwaka 1992. Makala ya kitaaluma ya Dave Hitz, James Lau na Michael Malcolm ya mwaka 1994 ilieleza mfumo wa mafaili uliohifadhi taswira za hali ya diski kwa nyakati tofauti bila kunakili data yote. Taswira hizo zilipatikana katika saraka iitwayo .snapshot. Hapo programu maalumu ya kurejesha haikuhitajika kabisa; cp, amri ya kawaida ya kunakili, ilitosha.

Mwelekeo huo ulifika katika kompyuta za nyumbani. Kampuni ya Apple ilitoa Time Machine mwaka 2007 ikiwa na dirisha la picha ambamo mtumiaji alirudi nyuma katika wakati kwa kubofya. Mwaka 2011 iliongeza tmutil, amri ya mstari yenye neno restore ndani yake, iliyompa msimamizi uwezo wa kurejesha akiwa mbali au kwa kutumia hati ya amri. Hata pale picha zilipotawala, maneno yaliyochapwa yalibaki na nafasi, hasa siku ambayo mashine imeharibika kiasi cha kutoonesha dirisha lolote.

6.0 Akiba isiyojaribiwa

Pamoja na mafanikio hayo, kuondoka kwa mhudumu kulileta upungufu ambao haukuonekana mapema. Mhudumu aliyerejesha mafaili ya watu kila wiki alikuwa, bila kukusudia, akiijaribu mikanda kila wiki. Mkanda mbovu uligundulika kwa faili moja dogo, si kwa diski nzima. Watumiaji walipoanza kujihudumia kwa taswira zilizomo kwenye diski zile zile, nakala za mbali, zilizokusudiwa kwa moto au wizi, zilikaa muda mrefu bila kuguswa.

Hatari ya kuamini programu bila kuipima ilikuwa imeoneshwa mapema. Katika mkutano wa wasimamizi wa mifumo wa LISA mwaka 1991, Elizabeth Zwicky aliwasilisha matokeo ya majaribio aliyoyafanya kwa programu za kuhifadhi nakala, zikiwamo tar na dump. Alizipa mafaili yenye majina marefu mno, majina yenye alama zisizo za kawaida, mafaili yenye matundu ndani yake, na mafaili yaliyobadilika wakati yakihifadhiwa. Programu nyingi zilishindwa mahali fulani, na baadhi zilishindwa bila kutoa taarifa. Funzo lake lilikuwa wazi: ujumbe kwamba nakala imekamilika hauthibitishi kwamba faili litarudi.

Miaka 26 baadaye, tukio la kampuni ya GitLab lilithibitisha funzo hilo hadharani. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi aliyekuwa akishughulikia hitilafu ya hifadhidata aliandika amri ya kufuta saraka kwenye seva kuu akidhani yuko kwenye seva ya pili. Aliisimamisha baada ya sekunde chache, lakini sehemu kubwa ya takribani gigabaiti 300 ilikuwa imekwisha kufutika. Utaratibu wa nakala za kila siku ulikuwepo. Ilipotazamwa, ghala lake lilikuwa tupu. Programu iliyotengeneza nakala ilikuwa ya toleo la 9.2 ilhali hifadhidata ilikuwa ya toleo la 9.6, kwa hiyo kila jaribio lilishindwa. Barua pepe za kuarifu kushindwa huko nazo zilikataliwa na mfumo wa kupokea barua, na hakuna aliyezisoma.

Kilichoiokoa kampuni ni taswira ya diski ambayo mhandisi aliichukua kwa mkono takribani saa sita kabla, kwa ajili ya kazi nyingine ya majaribio. Kuinakili kurudi kwenye seva kuu kulichukua saa nyingi kwa sababu diski za mazingira hayo zilikuwa za polepole. Data ya hifadhidata ya saa hizo sita haikurudi. Kampuni ilichapisha maelezo kamili ya makosa hayo, na katika tathmini yake ilibainisha kwamba hapakuwa na mtu aliyepewa jukumu la kuhakikisha nakala zinarejesheka. Nafasi ya mhudumu ilikuwa wazi, na hakuna aliyekuwa ametambua kwamba ni nafasi.

7.0 Hitimisho

Historia iliyofuatiliwa hapa imepita katika hatua nne. Kwenye tap, mwenye faili alilirejesha mwenyewe kwa jina. Kwenye restor, taasisi ililindwa lakini faili likarudi kama namba mikononi mwa mhudumu. Kwenye restore, majina yalirudi, ingawa mhudumu alibaki mlangoni. Kwenye yesterday na taswira za diski, mlango ulifunguliwa kwa kila mtumiaji. Katika safari hiyo uwezo wa kudai kilichopotea ulienea kwa watu wengi zaidi, na hayo ni mafanikio halisi. Jukumu la kujaribu halikuenea pamoja nao.

Mwanzo wenyewe wa Unix unatoa ushahidi wa mwisho. Mwaka 2008 kundi la watafiti na wapenzi wa historia ya kompyuta, akiwamo Warren Toomey, lilifaulu kuliamsha tena Toleo la Kwanza. Kiini cha mfumo kilipatikana kutoka katika karatasi zilizochapishwa mwaka 1972, zilizosomwa na kuingizwa upya kwenye kompyuta. Programu nyingine zilitoka katika mikanda ya DECtape ambayo Dennis Ritchie alikuwa ameitunza. Kwa kuwa mikanda na karatasi havikuwa vya wakati mmoja kabisa, ilibidi kiini kirekebishwe ili kizikubali programu hizo. Mfumo uliwaka kwa sababu kulikuwa na watu waliozisoma karatasi, wakazilinganisha na mikanda, na kujaribu mpaka amri zikajibu. Akiba ile haikuoza kwa kuwa ilipata wa kuirejesha wakati bado inasomeka. Taasisi yoyote yenye nakala rudufu inaweza kujipima kwa kigezo hicho hicho, kwa kuchagua faili moja leo na kulirejesha.